Sura Katika Fedha: Dinari ya Roma na Picha Zake

Dinari ya Roma ilizaliwa vitani. Mnamo mwaka 211 KK hivi, Hannibal wa Karthago alikuwa bado yumo Italia na jeshi lake, hazina ya Roma ilikuwa imekauka, na sarafu za fedha zilizotumika mpaka wakati huo zilikuwa zimekwisha kutiwa shaba ili zitoshe kulipa askari. Warumi waliziacha, wakaanza upya. Walitoa sarafu ndogo ya fedha karibu tupu, yenye uzito wa gramu 4 na nusu hivi, hata ratili moja ya Kirumi ikawa inatoa sarafu 72. Waliiita denarius, jina linalotokana na hesabu ya kumi, kwa sababu ilibadilishwa kwa sarafu kumi za shaba zilizoitwa as. Nusu yake na robo yake zilitoka pamoja nayo, nazo zilikuwa za fedha vilevile.

Mwaka wa kuzaliwa kwake ulileta ubishi mrefu. Pliny Mzee, mwandishi wa karne ya kwanza BK, aliutaja mwaka unaolingana na 269 KK, na wanahistoria waliomfuata waligawanyika, wengine wakiuvuta nyuma, wengine mbele. Jibu lilitoka ardhini. Mji wa Morgantina, kisiwani Sicily, ulitekwa na kuporwa na Warumi mwaka 211 KK. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua kifusi cha maangamizi hayo walikuta chini yake dinari na vipande vyake vya nusu na robo vikiwa bado havijachakaa. Sarafu hizo zilikwishatoka kiwandani kabla ya kuta kuanguka, lakini hazikuwa zimepita mikononi mwa watu wengi. Ni mara chache udongo hujibu swali la historia kwa uwazi namna hiyo.

Kabla ya hapo fedha haikuwa chuma cha Warumi. Kwa karne nyingi walipima mabonge ya shaba kwa mizani, kisha wakamimina shaba hiyo kuwa vipande vikubwa vya mviringo ambavyo mtu hakuweza kubeba vingi bila kuchoka. Sarafu zao za mwanzo za fedha ziliiga zile za miji ya Kigiriki ya kusini mwa Italia, ambako fedha ilikuwa imezoeleka. Mojawapo, iliyotolewa karibu mwaka huohuo wa 269 KK, ina kichwa cha Hercules upande mmoja, na upande wa pili mbwa mwitu jike akiwanyonyesha watoto pacha, Romulus na Remus. Hata hivyo sarafu hizo zilikuja na kukatika. Dinari ndiyo iliyodumu, ikatumika kwa zaidi ya miaka 400.

Dinari ya kwanza ina upana wa sentimita mbili hivi. Upande wa kichwa umejazwa na uso wa Roma, mji uliogeuzwa kuwa mungu wa kike. Amevaa chapeo yenye bawa ubavuni, hereni sikioni, na nywele zimemteremkia shingoni. Nyuma ya kichwa imesimama alama ya X, yaani kumi, ili hata asiyejua kusoma aelewe thamani. Upande wa nyuma wapo wapanda farasi wawili wanaokimbia pamoja, mikuki mbele, majoho yakipepea, na juu ya kila kofia kuna nyota. Hao ni Castor na Pollux, ndugu pacha wa mbinguni. Warumi walisimulia kwamba mwanzoni mwa karne ya tano KK, katika vita vya Ziwa Regillus, vijana wawili wasiojulikana walionekana wakipigana upande wao, na jioni ileile wakaonekana mjini wakiwanywesha farasi wao kwenye chemchemi karibu na uwanja wa mikutano. Chini ya kwato za farasi limeandikwa neno moja tu: ROMA. Hakuna jina la kiongozi, wala ukoo, wala sura ya mtu yeyote aliye hai. Kwa mji uliokuwa unapigania uhai wake, mungu wa mji na waokozi wake walitosha.

Kiwanda kilikuwa juu ya kilima cha Capitoline, karibu na hekalu la mungu wa kike Juno Moneta. Kutokana na jina hilo la Moneta, lugha nyingi za Ulaya zimepata neno lao la sarafu au la pesa. Kazi yenyewe ilihitaji nguvu na jicho. Fundi mchongaji alichonga mihuri miwili kwa mkono, picha ikiwa imegeuzwa kinyume na imezama ndani. Muhuri mmoja ulikazwa kwenye fuawe, wa pili ukashikwa mkononi kama patasi. Kidonge cha fedha kilichokwisha kupimwa kilipashwa moto, kikachukuliwa kwa koleo na kuwekwa katikati, kisha nyundo ikashuka. Kwa pigo moja pande zote mbili zilipata sura. Mwaka 46 KK msimamizi aliyeitwa Titus Carisius alitoa dinari yenye kichwa cha Juno Moneta upande mmoja, na upande wa pili akaweka vifaa vya kazi: fuawe, koleo na nyundo. Wafua fedha wenyewe, wengi wao watumwa, hawakuandikwa popote, lakini zana zao zimebaki hapo.

Kwa kuwa kila kitu kilifanywa kwa mkono, hakuna dinari mbili zinazofanana kabisa. Nyingine picha yake imekaa kando na nusu ya maandishi imekatika ukingoni. Nyingine zilikosewa kwa namna ya kupendeza: sarafu iliyokwisha kupigwa iliganda kwenye muhuri wa juu bila fundi kuona, kidonge kilichofuata kikawekwa chini yake, na matokeo yake ni sarafu yenye kichwa kilichotokeza upande mmoja, na kichwa kilekile kikiwa kimezama upande wa pili kama kwenye kioo. Walaghai nao hawakulala. Walichukua kidonge cha shaba, wakakifunika kwa jani jembamba la fedha na kukipiga muhuri. Wabadilishaji wa pesa walijilinda kwa kugonga alama ndogo kwenye uso wa sarafu ili kuona kilichomo ndani, na mwaka 81 KK sheria ya dikteta Sulla iliweka adhabu kali kwa wanaoghushi. Ndiyo maana dinari nyingi zilizohifadhiwa leo zina makovu mashavuni.

Fedha yenyewe ilitoka mbali. Mwaka 209 KK jemadari Scipio aliuteka mji wa Karthago Mpya, ambao leo ni Cartagena nchini Hispania, na migodi yake ikawa mali ya Roma. Mwanahistoria Polybius, aliyeishi karne iliyofuata, aliandika kwamba katika migodi hiyo walifanya kazi watu 40,000, na kwamba kila siku waliiletea Roma fedha yenye thamani ya drakma 25,000. Wengi wa wachimbaji walikuwa watumwa. Walipasua miamba ndani ya mashimo yenye giza, mawe yakasagwa, yakaoshwa, kisha yakayeyushwa, maana fedha hukaa ndani ya madini ya risasi na haitoki ila kwa moto mkali unaoitenga. Moshi wa risasi ulipaa na kusafiri na upepo mpaka Greenland, ukaanguka pamoja na theluji. Wanasayansi waliotoboa barafu ya huko wameikuta risasi hiyo katika matabaka ya miaka ya Warumi, ikiongezeka na kupungua kadiri uchimbaji ulivyopanda na kushuka. Uzuri wa sarafu hizi haufai kusahaulisha mapafu yaliyozilipia.

Karne ya pili KK ilipoendelea, picha zilianza kubadilika polepole. Castor na Pollux waliwapisha miungu wengine wanaoendesha magari ya farasi wawili au wanne: Luna wa mwezi, Ushindi mwenye mabawa, Jupiter mwenye radi. Thamani nayo ilirekebishwa karibu mwaka 141 KK, dinari ikawa sawa na as 16, ingawa jina la kumi halikuachwa. Lakini badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika maandishi madogo. Sarafu zilisimamiwa na vijana watatu waliochaguliwa kila mwaka, wengi wao wa koo kubwa zilizotazamia kuwapeleka Senetini. Mwanzoni waliweka alama ndogo, kisha herufi chache za majina yao, kisha jina zima. Kuanzia miaka ya 130 KK walianza kuitumia sarafu ya taifa kusimulia habari za kwao.

Hapo ndipo dinari inakuwa kitabu cha picha. Sextus Pompeius, mwaka 137 KK, alimrudisha mbwa mwitu na watoto pacha, akamwongeza mchungaji Faustulus aliyewaokota, kwa kuwa ukoo wake ulidai kutokana na mchungaji huyo. Ukoo wa Metellus uliweka tembo, ukumbusho wa tembo wa Karthago waliotekwa na babu yao huko Sicily mwaka 250 KK. Wengine walicheza na majina yao: Lucius Thorius Balbus aliweka fahali anayeruka, maana fahali kwa Kilatini ni taurus, na Quintus Pomponius Musa akawatoa Muse wote tisa, miungu wa kike wa sanaa, kila mmoja kwenye sarafu yake. Publius Licinius Nerva, karibu mwaka 113 KK, alichora jambo ambalo halionekani kwa urahisi mahali pengine popote katika sanaa ya kale: raia wakipiga kura. Wawili wamo kwenye daraja jembamba la kupigia kura. Mmoja anapokea kibao cha kura kutoka kwa msaidizi aliye chini, na mwenzake amekwisha kufika mwisho, anakitumbukiza kibao chake kapuni. Yote hayo yamo ndani ya nafasi isiyozidi ukucha wa kidole gumba.

Haikuwa lazima picha iwe ya kweli. Mwaka 58 KK Marcus Aemilius Scaurus alitoa dinari inayomwonyesha Aretas, mfalme wa Wanabatayo, amepiga magoti kando ya ngamia, ameshika hatamu kwa mkono mmoja na tawi la mzeituni kwa mwingine, kama mtu aliyeshindwa na anayeomba amani. Mwanahistoria Josephus anasimulia habari tofauti. Scaurus alikuwa ameingia nchi ya Aretas, jeshi lake likashikwa na njaa, na mwishowe akakubali kuondoka baada ya mfalme kulipa talanta 300. Mfalme alibaki na nchi yake, Scaurus akaondoka na malipo. Kwa askari aliyelipwa mshahara wake huko Gaul, hata hivyo, ngamia yule na yale magoti ndiyo yaliyokuwa habari kamili, naye hakuwa na njia ya kuuliza zaidi. Nguvu ya picha za dinari ilikuwa katika jambo hilo: zilifika mahali ambapo hapakuwa na sauti ya kuzipinga.

Waliotaka kupinga walilijua hilo, nao walipiga sarafu zao wenyewe. Kati ya mwaka 91 na 88 KK, watu wa Italia waliokuwa wamechoka kupigana vita vya Roma bila kupewa uraia waliasi, na wakatoa dinari zenye uzito uleule wa Roma. Kwenye baadhi yake fahali, mnyama wa Italia, anamkanyaga mbwa mwitu wa Roma na kumchoma kwa pembe.

Mpaka mwanzo wa mwaka 44 KK, hata hivyo, hakuna Mrumi aliye hai aliyewekwa sura yake kwenye fedha ya Roma. Mababu walikuwepo, lakini mababu walikuwa wamekufa. Marcus Junius Brutus mwenyewe, akiwa msimamizi wa sarafu mwaka 54 KK, alimwonyesha babu wa ukoo wake, yule Brutus aliyewafukuza wafalme wa Roma, akitembea katikati ya walinzi wenye matita ya fimbo mabegani. Katika majuma ya mwanzo ya mwaka 44 KK mwiko huo ulivunjwa. Dinari zilitoka zikiwa na kichwa cha Julius Caesar: shada kichwani, mashavu yaliyoingia ndani, mikunjo ya ngozi shingoni, na kando yake cheo cha dikteta wa maisha. Fundi hakumpamba. Alichonga mwanamume wa miaka 55 aliyechoka, na huenda ndiyo sura ya Caesar iliyo karibu zaidi na uso wake. Tarehe 15 Machi ya mwaka huohuo aliuawa kwa majambia ndani ya kikao cha Seneti, na Brutus alikuwa miongoni mwa waliomchoma.

Sarafu iliyofuata ndiyo mashuhuri kuliko zote za Roma. Brutus alipokuwa mashariki akikusanya jeshi, mwaka 42 KK, kiwanda kilichosafiri na askari wake kilitoa dinari yenye majambia mawili, na kati yao kofia ya kitambaa kizito, ile aliyovishwa mtumwa siku ya kuachwa huru. Chini yake kuna maneno mafupi EID MAR, ya kutaja siku ile ya Machi. Maana yake haikuhitaji mkalimani: majambia haya ndiyo yaliyoleta uhuru. Lakini ukiigeuza sarafu hiyo unakutana na kichwa cha Brutus mwenyewe, akiwa hai, mahali palepale alipokaa Caesar. Huenda alilazimika, maana askari walitaka kumwona anayewalipa. Vyovyote ilivyokuwa, mtu aliyeua kwa ajili ya kuzuia utawala wa mmoja alikuwa amekwisha kuikubali desturi ya sura ya mmoja. Alishindwa vitani huko Philippi, akajiua kabla ya mwaka huo kwisha.

Marcus Antonius naye alikuwa na askari wa kulipa. Mwaka 32 na 31 KK, kabla ya vita vya Actium, alitoa dinari kwa wingi mkubwa, merikebu ya makasia upande mmoja, na upande wa pili tai wa lejioni katikati ya bendera mbili, pamoja na namba ya kila lejioni. Alipunguza fedha ndani yake. Upungufu huo ulizipa maisha marefu ajabu: dinari nzuri zilifichwa au kuyeyushwa, za Antonius hakuna aliyejisumbua nazo, kwa hiyo ziliendelea kupita sokoni zaidi ya miaka 200 baada ya mwenyewe kushindwa na kufa. Zinapookotwa leo, nyingi zimelika hata merikebu imekuwa kivuli tu.

Aliyemshinda, Octavian, ambaye baadaye aliitwa Augustus, aliielewa sarafu kuliko wote waliomtangulia. Kuitangaza Misri kuwa imetekwa alihitaji mnyama mmoja tu, mamba, na maneno mawili. Kujitangaza kuwa mwana wa mungu aliweka nyota yenye mkia, ile iliyoonekana angani mwaka 44 KK wakati wa michezo ya kumkumbuka Caesar. Uso wake mwenyewe haukuzeeka. Alikufa na miaka 75, lakini kwenye fedha alibaki kijana mwenye ngozi laini mpaka mwisho. Mrithi wake Tiberius alifanya kinyume katika jambo moja: hakuona haja ya picha nyingi. Kwa sehemu kubwa ya utawala wake kiwanda cha Lugdunum, mji ambao leo ni Lyon nchini Ufaransa, kilitoa dinari ya aina moja, kichwa chake mbele na mwanamke aliyeketi nyuma, maandishi yakimwita mwana wa Augustus aliye mungu.

Wengi huamini kuwa dinari hiyo ndiyo iliyoletwa mbele ya Yesu alipoulizwa kuhusu kodi, akauliza sura na anwani iliyopo ni ya nani. Swali hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika leo, kwa kuwa Wayahudi walikatazwa sanamu, na sarafu ile ilibeba sanamu pamoja na madai ya uungu. Biblia ya Kiswahili imelihifadhi jina la dinari, na katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu imeonyesha pia thamani yake: dinari moja kwa kutwa. Askari wa lejioni wakati huo alilipwa dinari 225 kwa mwaka, na sehemu yake ilikatwa kwa chakula na mavazi.

Pliny Mzee amesimulia kisa kinachoeleza dinari ilikuwa nini ilipokuwa bado na heshima yake. Wakati wa Kaisari Claudius, mtumwa aliyeachwa huru na mkusanya kodi wa Bahari ya Shamu alichukuliwa na upepo kutoka pwani za Arabuni mpaka kisiwa cha Taprobane, yaani Sri Lanka. Mfalme wa huko alimhoji habari za Roma na kuzichunguza dinari alizokuwa nazo. Aliona zina vichwa vya watawala mbalimbali, zimetolewa nyakati mbalimbali, na bado zote zina uzito mmoja. Kutokana na hilo peke yake aliusifu uadilifu wa Warumi, akatuma wajumbe. Mfalme hakuwajua wale watu wa kwenye picha. Alichokipima ni mambo mawili kwa pamoja, sura zinazobadilika na fedha isiyobadilika, na la pili ndilo lililomfanya aamini la kwanza.

Haikupita hata miaka 25. Mwaka 64 BK Nero alipunguza uzito, ratili moja ikawa inatoa dinari 96 badala ya 84 zilizokuwa zimezoeleka, na akaongeza shaba. Wafanyabiashara wa mbali waliona upesi: malimbikizo ya dinari yaliyofukuliwa kusini mwa India yamejaa sarafu za Augustus na Tiberius, za kabla ya punguzo. Mwongozo wa wanamaji ulioandikwa kwa Kigiriki karne hiyohiyo, ujulikanao kama Periplus wa Bahari ya Eritrea, unataja pesa ya Roma ya dhahabu na fedha, si nyingi, miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa Malao kwenye pwani ya Somalia. Ukiteremka kusini hadi Azania na soko la Rhapta, katika pwani ambayo baadaye ilikuwa ya Waswahili, orodha inabadilika: mikuki, shoka ndogo, visu, vyombo vya kioo, pamoja na divai na ngano za kuwapendeza wenyeji. Sarafu haimo. Watu wa Azania waliuza pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa vitu vyenye kazi.

Katika karne ya pili BK picha zilifikia kilele cha uzuri wake. Upande wa nyuma ulijaa wanawake waliosimama au kuketi, kila mmoja akiwa ni sifa fulani: Haki ya Vipimo ameshika mizani, Amani ameshika tawi, Upatano, Uchaji, Ukarimu. Waliotekwa nao wana nafasi yao. Katika karne iliyotangulia Vespasian, baada ya Yerusalemu kuangushwa mwaka 70 BK, aliionyesha Uyahudi kama mwanamke aliyeketi chini akiomboleza, na Trajan akafanya hivyo kwa Dacia. Hadrian, aliyezunguka himaya yake karibu yote, alichagua lugha nyingine. Katika miaka yake ya mwisho alitoa mfululizo wa dinari zinazozionyesha nchi zikiwa zimestarehe: Hispania ana tawi la mzeituni na sungura miguuni, Misri ana kayamba ya Isis na ndege ibisi, Africa, yaani nchi iliyouzunguka mji wa Karthago, amejilaza akiwa amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga na pembe zikichomoza juu ya paji lake, nge mkononi na pembe ya mavuno. Kati ya sarafu zote za Roma, hizo ndizo zinazowatazama watu wa mbali bila kuwapigisha magoti.

Kiswahili hutumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa, na Kilatini kilifanya vilevile. Kuanzia mwisho wa karne ya pili maana hizo mbili zilianza kuachana. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliwaongezea askari mshahara, na ili zitoshe alishusha fedha ndani ya dinari hadi kama nusu. Mwanawe Caracalla, mwaka 215, alianzisha sarafu kubwa kidogo yenye kichwa cha kaisari aliyevaa taji la miali ya jua. Inaaminiwa ilihesabiwa kuwa dinari mbili, ilhali fedha yake ilifikia dinari moja na nusu tu. Sarafu hiyo iliimeza dinari. Kufikia miaka ya 240 dinari ilikuwa imekoma kupigwa kwa kawaida, na Trajan Decius alizichukua za zamani na kuzigonga upya, hata kwenye baadhi yake sura ya kaisari wa kale bado inachungulia chini ya ile mpya.

Katika miaka ya 260 mambo yalifika chini kabisa. Kaisari Valerian alitekwa na Waajemi mwaka 260, mipaka ilivunjwa, na mwanawe Gallienus alitoa sarafu zenye fedha isiyofika hata sehemu tano katika mia, shaba iliyopakwa weupe ambao ulifutika kwa kushikwashikwa. Picha za wakati huo zinagusa moyo. Kaisari aliwaomba miungu ulinzi, mmoja baada ya mwingine, na kila mungu aliwakilishwa na mnyama wake: paa na kulungu wa Diana, nusu mtu nusu farasi wa Apollo, farasi wa baharini wa Neptune. Michoro ni ya haraka, vidonge vimekatwa vibaya, wanyama wakati mwingine hawana vichwa kwa kuwa muhuri ulikuwa mkubwa kuliko kidonge. Watu walificha walichokuwa nacho. Malimbikizo kama la Reka Devnia nchini Bulgaria, lililofukuliwa mwaka 1929 likiwa na sarafu zaidi ya 80,000, karibu zote dinari, yalizikwa katika karne hiyo na wenyewe hawakurudi kuyachukua.

Diocletian alijaribu kurudisha fedha nzuri karibu mwaka 294. Sarafu yake ya argenteus ilipigwa 96 kwa ratili, na nyingine ziliandikwa namba hiyo, XCVI, waziwazi, kana kwamba mnunuzi anaombwa aipime mwenyewe. Nyuma yake watawala wanne walioshirikiana madaraka wanatoa sadaka mbele ya lango la ngome, wote wanne wamefanana, sura ya mtu mmoja ikiwa imetoweka tena. Haikudumu. Mwaka 301 amri ya Diocletian ya kuzuia bei ilihesabu kila kitu kwa dinari ambazo hakuna aliyezishika mkononi, na mkulima wa kibarua aliandikiwa dinari 25 kwa kutwa, pamoja na chakula.

Jina ndilo lililosafiri. Kutoka Kilatini liliingia Kigiriki, na kutoka hapo Kiarabu, likiwa limehamia kwenye dhahabu. Mwaka 77 Hijria, sawa na 696 au 697 BK, Khalifa Abd al-Malik bin Marwan alitoa dinari ya dhahabu isiyo na picha yoyote, maneno matupu pande zote mbili. Dinari za namna hiyo, za Wafatimi wa Misri, zilifukuliwa mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, chache kati ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha. Fedha hizo za Pemba ni ndogo na nyembamba, zina majina ya watawala wa hapohapo kwa herufi za Kiarabu, na hakuna hata moja yenye sura ya mtu.